Herufi za Mashtots na Herufi za Kanté

Mwaka 387 Armenia iligawanywa baina ya Dola ya Roma na Uajemi. Waarmenia walikuwa wameupokea Ukristo tangu mwanzoni mwa karne ile, lakini kanisani walisomewa Kigiriki au Kisiria, na muumini wa kawaida hakuambulia kitu mpaka mkalimani amfafanulie. Mesrop Mashtots, karani wa ikulu aliyegeuka mtawa, aliyaona hayo alipokuwa akihubiri vijijini. Akiungwa mkono na Mfalme Vramshapuh na Sahak, mkuu wa kanisa, akakamilisha herufi 36 mnamo mwaka 405. Mbili zaidi ziliongezwa karne nyingi baadaye. Kiarmenia hutenganisha p ya kawaida, p yenye mpumuo na b, tofauti ambayo msemaji wa Kimvita ataielewa upesi. Mashtots aliipa kila moja herufi yake. Herufi hizohizo zikatumika pia kama tarakimu, kuanzia 1 hadi 9000.

Solomana Kanté, mzaliwa wa Guinea na mwana wa mwalimu wa Kurani, alianzia kwenye uchungu. Alisoma maandishi ya mwandishi wa Lebanon aliyedai kwamba lugha za Kiafrika haziandikiki. Akajaribu kuiandika lugha yake ya Kimanding kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kilatini. Zote zikamshinda, hasa kwenye toni. Mwaka 1949, akiwa Bingerville nchini Côte d'Ivoire, alitoa herufi za N'Ko, zinazosomwa kutoka kulia kwenda kushoto, zikiwa na alama za toni juu ya irabu.

Kubuni herufi si kazi ndogo, lakini kwangu mimi ukubwa wa watu hawa wawili uko katika yale waliyoyafanya baada ya hapo. Mashtots alifungua shule na kuwatuma wanafunzi Edessa na Constantinople wakatafute vitabu vya kutafsiri. Mmoja wao, Koryun, ndiye aliyetuandikia maisha ya mwalimu wake. Kanté naye aliandika juu ya historia, sarufi na dawa za mitishamba, akaitafsiri Kurani. Hakuwa na mfalme wala askofu wa kumshika mkono. Vitabu vyake vilinakiliwa kwa mkono, wafanyabiashara wakavibeba kutoka mji hadi mji, na aliyejua akamfundisha asiyejua.

Mtu aweza kusema kwamba hapa ndipo njia zao zinapoachana: mmoja alibebwa na dola, mwingine na soko. Sikubaliani kabisa. Waarmenia waliishi karne nyingi bila dola yao wenyewe, na herufi zikabaki mikononi mwa watawa, wachapaji na familia. Kitabu chao cha kwanza kilichapishwa Venice, ugenini, mwaka 1512.

Kipo kitabu kikubwa cha mahubiri cha Waarmenia wa Mush, kilichoandikwa kwa mkono kati ya 1200 na 1202, chenye uzito wa kilo 28 hivi. Katika mauaji ya kimbari ya Waarmenia ya 1915, inasimuliwa, wanawake wawili walikikuta katika magofu ya monasteri. Kilikuwa kizito mno, wakakigawa vipande viwili. Mmoja aliufikisha mzigo wake Ejmiatsin, makao makuu ya kanisa la Armenia. Mwenzake alifia njiani, lakini alikuwa ameufukia wake Erzurum, nao ukaja kupatikana. Leo vipande hivyo vimo Matenadaran, hazina ya miswada jijini Yerevan. Hakuna serikali iliyowatuma wanawake wale.

Mwaka 2019 UNESCO iliiweka sanaa ya herufi za Kiarmenia katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ni heshima inayostahili, ila ilikuja baada ya kazi kufanyika. Nasi wa pwani ya Afrika Mashariki tuliandika tenzi na barua za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu kwa karne kadhaa. Ewe msomaji, ikiwa bibi yako ameacha karatasi za namna hiyo sandukuni, usizitupe kwa kuwa huwezi kuzisoma. Zipige picha, kisha mtafute mzee anayeijua hati hiyo akusomee angali hai.