Meza ya Wenye Mifuko: Miaka 75 ya Baraza la Wakfu la Marekani

Bryan Mullanphy, aliyewahi kuwa meya wa St. Louis, alifariki mwaka 1851 akiwa ameusia theluthi ya mali yake iwasaidie wasafiri maskini waliopita mjini humo wakienda kuhamia magharibi mwa Marekani. Wosia wa huruma kabisa. Kisha reli ikaja, misafara ya magari ya farasi ikatoweka, fedha zikabaki na wa kupewa akawa wa kutafutwa. Na marehemu harudi kurekebisha wosia.

Mali iliyofungwa na maneno ya waliokwisha kuzikwa ndiyo iliyomkera Frederick Goff, mkuu wa benki ya Cleveland Trust. Mwaka 1914 alianzisha mjini Cleveland, jimboni Ohio, chombo cha aina mpya: wenye mali waziweke fedha zao pamoja, na kamati ya wenyeji iamue, kizazi hadi kizazi, shida ipi itangulie. Miji mingine iliiga. Hapo ndipo zilipozaliwa wakfu za jamii, pamoja na kazi ambayo hakuna chuo kilichokuwa kikiifundisha, ya kukaa mezani mbele ya rundo la maombi na kuamua nani apewe na nani arudi mikono mitupu.

Mwaka 1949 wakfu chache za namna hiyo ziliunda kamati ya kitaifa ili wahusika wakutane na kuulizana mambo ya kazi. Jina lake la kwanza lilikuwa refu la kuchosha ulimi. Lilibadilishwa mara mbili, hata mwaka 1964 likatulia kuwa Council on Foundations, Baraza la Wakfu, lenye milango wazi pia kwa wakfu za familia na za kampuni.

Kilicholipa Baraza uzito, hata hivyo, kilikuwa hasira ya wabunge. Kuanzia 1961 Wright Patman, mbunge wa Texas, alizichunguza wakfu akidai kwamba matajiri wanazitumia kukwepa kodi. Wakfu wa Ford nao ukampa kuni za kuchochea moto: baada ya Seneta Robert Kennedy kuuawa mwaka 1968, uliwapa wasaidizi wake 8 ruzuku za kusafiri na kusoma zilizofikia takriban dola 131,000. Huenda nia ilikuwa njema, lakini kwa wabunge ilinuka siasa. Mwaka uliofuata sheria ya kodi ikabadilishwa. Mapato ya uwekezaji ya wakfu binafsi yalitozwa asilimia 4, mwenye wakfu akakatazwa kufanya biashara na mfuko wake mwenyewe, na kila wakfu ukalazimika kutoa kiwango fulani cha fedha kila mwaka, ambacho baadaye kiliwekwa kwenye asilimia 5 ya mali.

Sheria hiyo ina kipengele ambacho asasi nyingi za Afrika Mashariki zinakijua bila kukijua. Wakfu binafsi wa Marekani ukitaka kuipa fedha asasi isiyotambuliwa na mamlaka ya kodi ya nchi hiyo kuwa ni shirika la hisani, kwa kawaida hulazimika kuichunguza kwanza, kusaini nayo mkataba, kisha kudai taarifa za matumizi. Mhasibu wa asasi ya Morogoro au Kisumu aliyekesha akitafuta risiti za nauli ili taarifa ya mfadhili ikamilike, sehemu ya usingizi wake ilichukuliwa Washington mwaka 1969.

Basi moyo mkunjufu peke yake haukutosha tena. Ofisa wa ruzuku alihitaji kujua sheria, hesabu na namna ya kumuuliza mwombaji maswali bila kumdhalilisha. Mikutano ya Baraza ikawa darasa.

Darasa lenyewe, lakini, lilikuwa na kasoro iliyoonekana kwa macho. Katika mkutano mkuu wa mwaka 1971, uliofanyika Montreal, orodha ya waliopendekezwa kuingia bodi haikuwa na Mmarekani mweusi hata mmoja. Wafanyakazi weusi wa wakfu waliokuwapo walipinga, na kutokana na mzozo huo wakaunda chama chao, kinachofahamika kwa kifupi kama ABFE. Miongoni mwa waasisi wake alikuwa James Joseph, mzaliwa wa Louisiana, aliyeongoza wakfu wa kampuni ya injini ya Cummins huko Indiana.

Mwaka 1982 mpinzani huyo akawa rais wa Baraza lilelile, akakaa hadi 1995. Misingi ya utoaji ruzuku ambayo bodi iliipitisha mwaka 1980, iliyogusa uwazi na pia ushirikishwaji wa watu wa kila namna, ilisukumwa kwa nguvu zaidi katika kipindi chake. Si wote waliopenda. Baadhi ya wahafidhina waliona Baraza linawapangia la kufanya na mali yao, wakajitenga.

Nje ya Marekani nako vyama vya namna hii vilikuwa vikiibuka. Mwaka 1998 vyama vya watoa ruzuku kutoka nchi mbalimbali vilikutana Oaxaca, Mexico, na mkutano huo ukazaa mtandao wa dunia uitwao WINGS. Nairobi ikapata chama chake mwaka 2003, cha watoa ruzuku wa Kenya, Uganda na Tanzania, ambacho leo kinaitwa East Africa Philanthropy Network.

Joseph alipoondoka kwenye Baraza aliteuliwa kuwa balozi wa Marekani nchini Afrika Kusini, na mwaka 1996 akamkabidhi Nelson Mandela hati zake za utambulisho. Baadaye alifundisha uongozi katika Chuo Kikuu cha Duke, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Cape Town. Alifariki Februari 2023, mwaka mmoja kabla ya Baraza kutimiza miaka 75. Chama kilichozaliwa Montreal kilianzisha mhadhara wenye jina lake mwaka 1991, na kina mafunzo ya uongozi kwa wafanyakazi wa wakfu, wengi wao wakiwa hawajazaliwa ile orodha ya bodi iliposomwa.