Upimaji wa pumzi

Upimaji wa pumzi ni kazi ya kuhesabu, kutazama na kusikiliza jinsi mgonjwa anavyopumua. Huenda pamoja na kupima joto, mapigo ya moyo na shinikizo la damu, nao ndio unaopuuzwa kuliko vyote: si ajabu kukuta chati za wodi nzima zimeandikwa 20, 20, 20.

Njia ya hewa

Kutoka puani hewa hupita koromeo na zoloto, hushuka bomba la pumzi na kugawanyika matawi mawili, moja kwa kila pafu. Pafu la kulia lina sehemu kuu tatu, la kushoto mbili, kwa kuwa moyo umejibana huko. Tawi la kulia ni pana na limesimama wima zaidi, ndiyo maana karanga iliyompalia mtoto mara nyingi huishia upande huo. Msuli mkuu wa kupumua ni kiwambo. Mtoto mchanga hukitegemea mno, hivyo kwake hutazamwa tumbo.

Vifuko vya hewa

Matawi ya njia ya hewa huishia kwenye vifuko, ndimo oksijeni inamoingia damuni na kaboni dioksidi kutoka.

Kuhesabu

Kuvuta na kutoa ni pumzi moja. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akijua anahesabiwa hubadilisha mwendo bila kutaka, kwa hiyo muuguzi mzoefu hamwambii: humshika kifundo cha mkono, huhesabu mapigo, akimaliza haachii, ila macho huyahamishia kifuani. Mtoto hupakatwa na mamaye, nguo ikapandishwa, akasubiriwa aache kulia au kunyonya. Dakika itimie. Anayehesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, akikosea pumzi moja amekosea nne.

Kwa mtoto mwenye kikohozi, Shirika la Afya Duniani (WHO) huhesabu kuwa ni kasi pumzi 60 au zaidi akiwa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kuanzia miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, na 40 au zaidi kuanzia mwaka hadi miaka 5. Vigezo hivi vina deni kubwa kwa utafiti wa Frank Shann na wenzake huko Goroka, Papua New Guinea, uliochapishwa mwaka 1984, kazi ya thamani isiyotajwa inavyostahili. Kifua kikibonyea chini ya mbavu mtoto anapovuta pumzi, hali ni nzito zaidi.

Kusikiliza

Mwaka 1816 jijini Paris, daktari René Laennec aliona haya kuweka sikio kifuani mwa mwanamke kijana. Akakunja karatasi ikawa mrija, akasikia moyo vizuri kuliko awali. Baadaye alichonga mrija wa mti. Alifariki mwaka 1826 kwa kifua kikuu, ugonjwa alioueleza kwa umakini wa ajabu.

Mluzi wakati wa kutoa pumzi huweza kuashiria pumu. Mkoromo wakati wa kuvuta, njia ya juu imebanwa.

Matumizi ya sasa

Oksimita ya kidole ilienea zaidi wakati wa UVIKO-19. Hukadiria oksijeni damuni, na vidole vya baridi au rangi ya kucha huweza kuipotosha.