MACHU PICCHU: MWENYE GESTI ALIJUA KABLA YA MZUNGU

Leo tunapanda milima ya Andes, kule Peru, Amerika Kusini. Ile picha ya magofu ya mawe juu ya mlima, nyuma kuna kilele kimechongoka na mawingu yanapita, lazima umeshakutana nayo kwenye simu yako. Pale ndo Machu Picchu, mita kama 2,430 juu ya usawa wa bahari. Wengi wakiisimulia wanaanza na msomi mmoja wa Kimarekani. Mimi naanza na watu wa malazi: waliopika, waliobeba mizigo, waliopokea wageni. Bila hao hata huyo msomi asingefika.

Gesti za serikali

Picha linaanza miaka ya 1400. Wainka, makao makuu yao Cusco, walitawala kutoka Ecuador ya leo mpaka Chile na Argentina. Mtandao wa barabara zao, Qhapaq Ñan, ulikuwa na urefu wa kama kilomita 30,000. Farasi hakuna, mkokoteni hakuna. Watu walitembea kwa miguu, na mizigo ilibebwa na binadamu au na llama, yule mnyama wa jamii ya ngamia asiye na nundu.

Sasa kwa safari ndefu hivyo watu walilala wapi? Kulikuwa na vituo njiani vinaitwa tambo. Chukulia kama gesti ya serikali: sehemu ya kulala na maghala ya mahindi, viazi vilivyokaushwa, nyama kavu na nguo. Wateja wake walikuwa wajumbe, askari na maofisa wenye kazi za dola. Na waliozitunza? Wanavijiji wa jirani, kwa zamu, kama sehemu ya kodi yao. Kodi hiyo ililipwa kwa jasho, ikaitwa mit'a. Hata mji wa Ollantaytambo, ambako watalii wengi wanapandia treni siku hizi, bado umebeba neno hilo kwenye jina lake.

Bosi anakuja, wafanyakazi wanabaki

Machu Picchu yenyewe, wataalamu wengi wanaitaja kama makazi ya mapumziko ya mfalme Pachacuti. Vipimo vya mifupa vilivyochapishwa mwaka 2021 vinaonyesha watu waliishi pale kuanzia kama 1420 mpaka karibu 1530. Mfalme na watu wake walikuja kwa msimu, wakapumzika, wakarudi Cusco. Ila kuna watu walikaa mwaka mzima.

Hao ndo waliozikwa pembeni ya magofu. Kwa miaka mingi dunia iliambiwa mifupa ile ni ya wanawali watakatifu wa Jua. Baadaye wataalamu wakaichunguza upya: wanaume na wanawake karibu sawa, na watoto wamo. Yaani familia kabisa! Halafu mwaka 2023 yakatoka majibu ya DNA ya watu 34 wa pale. Asili zao zilitoka sehemu mbalimbali za dola, wengine mpaka misitu ya Amazon. Walitolewa makwao, wakaletwa mlimani kumhudumia bosi. Wainka hawakuwa na maandishi ya herufi, kumbukumbu walizitunza kwa kamba zenye mafundo, quipu. Kwa hiyo jina la mfalme tunalo, la aliyempikia hatuna.

Soli moja tu

Wahispania waliingia Cusco mwaka 1533. Machu Picchu ilibaki kimya, ila haikupotea kwa wenyeji. Mwaka 1902 mkulima wa eneo lile, Agustín Lizárraga, alifika akaandika jina lake kwa mkaa kwenye ukuta.

Miaka tisa baadaye, Julai 1911, anatokea Hiram Bingham, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Yale. Msafara wake ukapiga kambi bondeni karibu na kibanda cha Melchor Arteaga, mkulima aliyekuwa pia akihudumia wapita njia. Unaona sasa? Mwenye gesti! Bingham alimuuliza kuhusu magofu, Arteaga akasema yapo, juu kule. Asubuhi ya tarehe 24 kulikuwa na manyunyu. Wenzake Bingham wakagoma, mmoja akasema anabaki kufua nguo, mwingine anatafuta vipepeo. Arteaga mwenyewe hakuwa na hamu ya kupanda, mpaka alipoahidiwa soli moja ya Peru, kama senti 50 za dola.

Huko juu walikuta nini? Watu! Familia za wakulima zilikuwa zinalima kwenye matuta yaleyale ya Wainka. Wakawapa wageni maji ya baridi kwenye vibuyu na viazi vitamu vya kuchemsha. Kisha mtoto mdogo wa kiume akamshika Bingham njia, akamwonyesha magofu.

Aprili 1913 jarida la National Geographic likatoa toleo zima kuhusu habari hiyo, na dunia ikasema mji umegunduliwa. Leo barabara ya kupanda magofuni inaitwa Hiram Bingham, na treni moja ya kifahari inaitwa Hiram Bingham. Yule dogo hana hata kituo cha basi.

Vitu vilivyochimbwa vilipelekwa Yale. Peru ilidai kwa miaka mingi, makubaliano yakapatikana 2010, na kufikia 2012 vikawa vimerudi. Vingi viko makumbusho ya Casa Concha, Cusco.

Ukienda na mfuko mwembamba

Mji wa kulala chini ya magofu ni Aguas Calientes, maana yake maji moto. Ulianza kama kambi ya wajenzi wa reli. Mpaka leo huwezi kufika kwa gari kutoka Cusco moja kwa moja: ni treni au miguu. Wenye hela ndogo wanapanda basi dogo kutoka Cusco mpaka Hidroeléctrica, safari ya kama saa sita au saba, halafu wanatembea kando ya reli kama kilomita 10. Mjini kuna hosteli za vitanda vya ghorofa, bei ya chini kuliko hoteli iliyo jirani na magofu. Kutoka hapo kwenda magofuni, basi ni kama nusu saa, au unapanda ngazi kwa miguu bure, saa moja na nusu hivi. Pumzi tu iwepo. Tiketi zina kikomo kwa siku, kwa hiyo wahi. Na Cusco iko mita 3,400, kichwa kitauma, usianze kukimbiakimbia siku ya kwanza.

Wanaochukua ile njia ya kale, Inca Trail, wanapata wapagazi wa kubeba mahema na vyakula, kazi ya wagumu wetu wa Kilimanjaro. Mpaka sheria ilipokuja mwaka 2001 na kuweka kikomo cha kilo 20, mgongo wa mtu ulibebeshwa zaidi ya hapo. Njia ni ya Wainka na mgongo ni wa mwanakijiji, kama enzi za mit'a. Tofauti ni kwamba leo mpagazi ana sheria ya kumtetea, na mgeni ana mdomo wa kuuliza kama inafuatwa.

Kwa hiyo mdau, ukifika kule piga picha zako zote, umelipia. Ila muulize jina anayekutandikia kitanda na anayekubebea begi. Historia ya pale imeshasahau majina ya kutosha.

Haya, kwako sasa: treni au kilomita 10 za reli? Na yule dogo wa 1911, ungempa jina la barabara au la treni? Dondosha maoni yako hapo chini.