Nadharia ya akili, au usomaji wa nia?

Gari limegoma kuwaka. ATM imemeza kadi. Simu imeanza kuzingua. Anayesema hivyo haamini kwamba gari lina kinyongo. Hata upatanisho unabaki li- na i-, hauwi a- ya watu na wanyama. Ila kitenzi kimeshapita mpaka, maana kugoma ni kwa mwenye hiari.

Uwezo huo wa kuona nia nyuma ya tendo, wanasaikolojia wameupa jina ambalo kwa Kiswahili limezoeleka kuwa nadharia ya akili. Lilivuma mwaka 1978, David Premack na Guy Woodruff walipouliza iwapo sokwe anao. Nadharia yenyewe si ya vitabuni. Ni makisio ya kila siku kuhusu yaliyomo moyoni mwa mwenzako: anataka nini, anajua nini, anaamini nini hata kama amekosea.

Tafsiri hiyo ni ya neno kwa neno, na mimi hainiridhishi. Mswahili akisikia akili anafikiri kwanza werevu. Siku hizi kuna na akili mnemba. Ukiandika “nadharia ya akili katika akili mnemba”, msomaji atadhani kompyuta inafanyiwa mtihani wa hesabu. Heri usomaji wa nia, ingawa imani na ujuzi navyo vimo.

Majaribio ya ubongo yananiunga mkono. Mwaka 2002 Helen Gallagher na wenzake walipiga picha za ubongo wa watu waliokuwa wakicheza jiwe, karatasi, mkasi. Mara waliambiwa mpinzani ni mtu, mara ni kompyuta. Kumbe kote majibu yalikuwa ya kubahatisha tu! Hata hivyo, eneo la mbele, katikati ya ubongo, lilichangamka zaidi pale mchezaji alipoamini anashindana na mtu.

Mwaka uliofuata, Alan Sanfey na wenzake nchini Marekani walitumia mchezo ambamo mtu au kompyuta inapendekeza jinsi ya kugawana dola 10 na mchezaji. Aliyepunjwa angeweza kuukataa mgawo, wote wakose. Walioamini wamepunjwa na mtu walikataa mara nyingi zaidi kuliko waliopunjwa na kompyuta kwa kiasi kilekile. Werevu wa mgawaji haukuwa na neno hapo. Kilichowachoma ni kudhani kwamba amekusudia.

Na usomaji wa nia unatupa kitenzi: mtoto ameanza kusoma nia, roboti haisomi nia. Nadharia ya akili utainyambulisha vipi?