Kofia Isiyo na Jina

Ukipita katika vichochoro vya Lamu siku ya Ijumaa, msomaji, tazama vichwa vya wanaume waendao msikitini. Utaona kofia nyeupe zenye matundu madogo madogo yaliyopangwa kwa nakshi. Matundu hayo ni viua, nazo huitwa kofia za viua. Kwa mbali utadhani ni kazi ya cherehani. Ishike mkononi ndipo utakapojua kuwa imeshonwa kwa sindano na subira.

Kofia ina vipande viwili: duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Nakshi huchorwa kwanza juu ya kitambaa. Kisha kila tundu hutobolewa, na ukingo wake huzungushiwa uzi ili usifumuke. Matundu hayo ni mamia kwa mamia, na kofia nzuri huchukua majuma mengi, hata miezi. Wako wanaume waishonao, lakini wasichana wengi waliipokea kazi hii kwa mama na bibi zao, nyumbani.

Sasa vuka bahari nami mpaka Marekani, ambako wasichana nao walifunzwa sindano. Katika koloni la Plymouth, katikati ya karne ya 17, Loara Standish alitarizi kitambaa ambacho kingali kimehifadhiwa katika makumbusho ya mji huo. Waliomfuata walitarizi herufi na tarakimu, kwani msichana alitakiwa ajue kutia alama shuka za nyumbani. Na chini yake wengi wakaweka jina, umri na mwaka. Wako ambao hatujui lolote juu yao ila lile walilolishona wenyewe.

Kofia ya Lamu haina jina. Ilitoka nyumbani juu ya kichwa cha mwanamume, na sifa ikamwendea aliyeivaa. Wala usiseme kuwa wanawake wa visiwa hivi hawakujua kalamu! Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, na jina lake lasomwa mpaka leo. Kalamu ilimhifadhi, sindano haikuwahifadhi wenzake.

Pengine nyumbani kwenu iko kofia ya babu, imekunjwa sandukuni. Umepata kumwuliza bibi ni nani aliyeishona?