UZI: Nani aliwaambia mjenge kando ya mto?

Kila Aprili mvua ikianza kupiga mabati, mjadala ni ule ule. Upande mmoja unasema serikali imelala. Upande wa pili unajibu: "Kwani nani aliwaambia mjenge kwa mto?" Watu wanapiga makofi, mada inabadilishwa. Mimi nataka tulijibu hilo swali la pili, manake lina jibu, na jibu lenyewe liko kwenye historia. Tuchukue Athi River, mji wa EPZ.

Mji wenyewe umebeba jina la mto. Reli ilipita hapa 1899 ikielekea Nairobi. Mwaka 1950 ikaanzishwa Kenya Meat Commission, na kabla muongo huo haujaisha kikaja kiwanda cha saruji. Kichinjio kikubwa hakiendeshwi bila maji mengi. Kwa hivyo si mpangaji wa chumba cha mabati aliyesogea mtoni kwanza. Ni serikali na viwanda.

Halafu 1990 Bunge likapitisha sheria ya EPZ. Mwekezaji akapewa miaka 10 bila kodi ya mapato. Mwaka 2000 Marekani ikapitisha AGOA, soko likafunguka, na viwanda vya nguo vikajaza washonaji, wengi wao akina mama na wasichana kutoka kaunti za mbali. Sheria ilipanga mambo ya ndani ya uzio. Lakini mshonaji halali ndani ya uzio. Atalala wapi? Hilo likaachiwa baraza la Mavoko na wenye ploti.

Ukipata mshahara mdogo unatafuta chumba ambacho unaweza kutembea kutoka hadi kazini, na chumba cha bei nafuu mara nyingi kiko pale chini. (Mnadhani Nakuru na Mombasa waliita mitaa yao Bondeni kwa urembo?)

Sasa, kuhusu huu mto. Maji ya Mbagathi yanatoka upande wa Ngong. Ya mto Kitengela na ya Stony Athi yanatoka upande wa Kajiado na Machakos. Yote yanaelekea huku. Ndiyo maana unaweza kulala bila tone la mvua kwako na uamke maji yako mlangoni. Ongeza ule udongo mweusi unaonata kwenye viatu: ukishashiba maji haupitishi tena. Ongeza lami, paa na maegesho ya malori. Mvua ile ile, mafuriko makubwa zaidi.

Twende kwa sheria, hapa ndipo penye utamu. Kanuni za zamani za kilimo zilizungumzia mita 2 kutoka mtoni. Kanuni za rasilimali za maji za 2007 zilisema angalau mita 6, au upana wa mto, hadi mita 30. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zinataja mita hizo hizo 6 hadi 30, lakini zinapima kutokana na kiwango cha juu zaidi cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa.

Soma hayo maneno ya mwisho tena. Sheria inaomba kumbukumbu. Haiulizi mto uko wapi leo, inauliza ulifika wapi siku ulipokasirika zaidi. 1961 mafuriko yalikumba sehemu kubwa ya Kenya, na bado kuna wazee wanaoyaita mafuriko ya Uhuru. 1997 na 1998 ikaja El Niño. Mtu aliyenunua ploti Agosti 2008 aliona nyasi kavu na mto unaoweza kuvukwa kwa mawe. Nani alimwonyesha maji ya 1961 yalifika wapi? Muuzaji? Hapana, si kazi yake kuharibu biashara. Aliyepitisha ramani ya nyumba ndiye alipaswa kujua.

Na hapa ndipo viongozi hurushiana mpira. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaweka usimamizi wa majanga kwa serikali ya kitaifa na pia kwa kaunti. Mipango ya miji na mifereji ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa ni ya kaunti. Barabara kuu, ambayo kalvati zake zikiziba maji yanarudi mtaani, ni ya kitaifa. Kila mmoja anaweza kusema ukweli na bado akakwepa. Linganisha na ukame: una mamlaka yake ya kitaifa, NDMA, yenye sheria yake ya 2016. Mafuriko hayana mamlaka kama hiyo.

Bila mpango, kinachobaki ni amri. 2024, mvua ya Machi hadi Mei iliua zaidi ya watu 200 nchini. Athi River na Kitengela watu waliokolewa kwa maboti. Ndipo serikali ikawapa walio karibu na mito na mabwawa makataa ya saa 24 kuondoka, na tingatinga zikaingia kando ya mito ya Nairobi. Waliohamishwa waliahidiwa shilingi 10,000. Jaribu kutafuta chumba kipya na deposit na hiyo pesa, huku una zamu kesho asubuhi.

Sisemi watu wabaki kando ya mto. Pale ambapo maji yatarudi, watu watoke. Ninachokataa ni mpangaji kuulizwa swali ambalo aliyeidhinisha jengo hajawahi kuulizwa.

Kwa walio Mavoko: Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kukujibu. Andika barua kwa manispaa, omba ramani inayoonyesha alama ya mafuriko ya juu zaidi kwenye mtaa wako, na tarehe jengo lako lilipoidhinishwa. Ukijibiwa, weka hapa chini tuisome pamoja. Usipojibiwa baada ya siku 21, weka pia.