Popobawa na Wafasiri Wake

Miaka 30 na ushei imepita tangu Ramadhani ya mwaka 1995, Wapemba walipovihama vitanda vyao wakalala nje kundi kwa kundi, moto ukiwaka hadi alfajiri. Walikuwa wakimkimbia shetani aitwaye Popobawa.

Waliokumbwa walisimulia kwamba walizinduka wamekandamizwa kifua, sauti haitoki. Wengine, wanaume kwa wanawake, walisema wameingiliwa. Na atakayeficha, ikaaminika, atarudiwa. Basi watu wazima wakayatamka hadharani mambo ambayo siku nyingine hata mbele ya mkwe hayagusiwi. Hofu ikavuka hadi Unguja, ambako umati ulimuua mgonjwa wa akili uliyemdhania ndiye.

Ndipo wakaja wafasiri. Joe Nickell, Mmarekani mchunguzi wa visa vya ajabu, alisema ni jinamizi tu: akili imeamka, mwili bado umelala. Zamani zaidi, Ernest Jones, mfuasi wa Freud, aliandika katika kitabu chake cha 1931 kuhusu jinamizi kwamba kinachomlalia mtu ni matamanio yake mwenyewe aliyoyafukia. Jones alichunguza mashetani wa Ulaya ya kale. Kuichukua kanuni yake na kukipima kisiwa kizima, kwangu mimi, ni ufundi wa kukisia.

Mwanaanthropolojia Martin Walsh hakutosheka. Jinamizi humjia mtu mmoja mmoja mwaka wowote. Kwa nini Pemba yote, tena 1995? Anakumbusha kuwa kisa kama hicho kilisimuliwa Pemba 1965, mwaka mmoja baada ya Mapinduzi ya Zanzibar. Na Oktoba 1995 ulifanyika uchaguzi wa vyama vingi: Salmin Amour akatangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Seif Sharif Hamad, huku chama cha Hamad, CUF, kikizoa viti vyote 21 vya Pemba. Wapo wapinzani waliosema Popobawa ni mkono wa serikali. Walsh anaonyesha kuwa tafsiri hiyo nayo ilikuwa ikibadilika kadiri kisa kilivyosimuliwa.

Mwaka 2007 Popobawa akazuka Dar es Salaam. Mwaka 2017 mtafiti Katrina Daly Thompson akawageuzia kibao waandishi wa kigeni: wameng'ang'ania ubakaji na ushirikina, wakasahau utani wa wasimulizi.

Walsh na Thompson wote wameandika kwa Kiingereza. Vijana waliokesha kando ya moto sasa wana wajukuu, na ni aibu yetu kuwaachia wageni kazi hii. Vyuo vyetu viwatume wanafunzi vijijini na vinasa sauti, wawaulize wazee hata walichokicheka.